Bata wa Shangazi Dot

Katika mtaa wa muziki wa Nashville, kwenye zile nyumba ndogo za matofali ambazo kila sebule imegeuzwa ofisi, wimbo hauandikwi na mtu mmoja. Unaandikwa kwa miadi, kama kung'oa jino. Saa tano kamili asubuhi watu watatu wanaingia chumbani na magitaa yao, wanatumbukiza simu kwenye kikapu kilicho kando ya mlango, wanajifungia, na hawatoki mpaka wimbo upatikane. Kila aliyekuwemo chumbani ni mtunzi, sawa kwa sawa na wenzake, hata kama mchango wake ulikuwa neno moja na miayo sita. Wakikosana juu ya wimbo, wawili wanamshinda mmoja. Sheria hizi hazikuandikwa popote na kila mtu anazifuata.

Wendell Tarpley alizifuata miaka thelathini na minane. Alikuwa na nyimbo mbili zilizovuma nchi nzima zamani, wakati ambapo nywele bado zilimtosha kichwani, na tangu hapo alikuwa akiingia vyumbani na vijana waliomwita mzee, wakampa kiti kizuri na kumwachia beti za mwisho azirekebishe. Hiyo ndiyo kazi aliyoiweza kuliko mtu yeyote pale mtaani. Mpe ubeti unaochechemea, atautembeza. Nje ya chumba, tuseme ukweli, alikuwa mwoga. Jambo lolote zito la nyumbani alilisema kwa wimbo au hakulisema kabisa. Hata uchumba aliupeleka kwa gitaa, na mkewe Nadine alizoea kuwaambia watu kwamba yeye hakuposwa, aliimbiwa tu akaitikia.

Jambo moja Wendell hakulisema wala kuliimba. Miaka mitano nyuma, siku ya Jumanne, binti yao wa pekee, Corrie, mwenye miaka thelathini na minne, alikufa ndani ya gari lake nje ya duka la vyakula. Damu iliganda mguuni ikapanda mapafuni. Daktari alisema ilichukua kama nusu saa. Katika nusu saa hiyo Corrie alimpigia simu baba yake, na simu ya baba yake ilikuwa kikapuni. Wendell aliisikia ikitetemeka, akaitambua kuwa ni yake, na hakuinuka, maana walikuwa katikati ya ubeti na mtu haondoki katikati ya ubeti. Alipoichukua saa nane mchana alikuta ujumbe wa sauti.

"Baba, ni mimi. Nipo hapa nje ya duka, kuna bata bukini kasimama mbele ya gari, hataki kuondoka. Nimempigia honi, na yeye kanipigia yake. Hebu sikia. Umemsikia? Baba, sijisikii vizuri. Kifua kinabana. Labda ni zile soseji za Mama za asubuhi. Ukipata muda njoo unichukue, eh? Usipopata basi, bata atanipakia."

Baada ya hapo kilikuja kicheko kifupi, kisha pumzi tu.

Kule hospitali Nadine alimuuliza kama mtoto alipiga simu. Wendell alisema simu yake ilikuwa imeisha chaji. Alijiambia kwamba anamficha mkewe zile soseji, kwani mama gani anastahili kusikia hilo? Lakini alichokuwa akikificha ni kikapu, na hilo pia alilijua. Nadine akaacha kwaya ya kanisani, akaacha kutembelea watu, akaacha kucheka. Hakuwa mtu wa kulia ovyo. Alinyamaza tu, akaendelea kupika na kufua, na kila Wendell alipofungua mdomo ili aseme, alikohoa akauliza kama kuna kahawa.

Ndipo ikaja kazi ya "Pampu Mbili". Filamu hiyo hakuna mtu wa Tennessee asiyeijua. Verna ni mjane mwenye kituo cha mafuta chenye pampu mbili. Binti yake katoroka na mpanda farasi wa maonyesho. Jirani yake ni Shangazi Dot, mwanamke mwenye mdomo, anayelalamikia kila kitu tangu kuku wake mpaka Mungu wake. Watu huitazama kila Sikukuu ya Shukrani, bata mzinga akiwa bado ovenini, na huwatangulia waigizaji kwa maneno. Matajiri wa New York waliamua kuigeuza mchezo wa jukwaani, wenye nyimbo za kantri tupu, zitungwe Nashville na watunzi wa Nashville, na ujaribiwe kwanza hapohapo Nashville mbele ya wenye filamu yao.

Walichaguliwa watunzi watatu. Tate Mabry alikuwa kijana wa miaka thelathini na moja mwenye kofia isiyopata kuona jua la shambani. Kaylin Voss alikuwa mdogo zaidi, msichana mpole mwenye machozi ya karibu. Wa tatu alikuwa Wendell, aliyechukuliwa kwa sababu mwongozaji alitaka mtu mmoja mwenye vumbi halisi.

Waliandika nyimbo kumi na sita kwa miezi sita. Iliyowashinda ni ya ile simu ya kwenye filamu. Katika filamu, binti wa Verna anapiga simu nyumbani kutoka njiani, mara moja tu, na Verna yuko nje anamwekea mtu mafuta; simu inalia ndani mpaka inakata. Nchi nzima ililia kwenye simu hiyo. Siku tatu walikaa chumbani hawana hata mstari.

"Anasema nini huyu mtoto?" Tate aliuliza, amelala chali kwenye kochi. "Hatuwezi kumwimbisha nakupenda mama, nakupenda mama. Watu watatapika."

"Hasemi nakupenda," Wendell alisema. "Anasema kuna bata bukini mbele ya gari."

Wakamtazama. Akawaambia yote: Jumanne, kikapu, soseji, bata. Ilikuwa mara ya kwanza kwa yale maneno kutoka mdomoni mwake, na alishangaa yalivyotoka kwa urahisi, pale chumbani, mbele ya watoto wa watu. Kaylin alilia mpaka akakosa sauti. Akamkumbatia shingoni.

"Mzee Wendell, wimbo huu tutaulinda," alisema. "Nakuapia. Hakuna atakayeugusa."

"Hakuna," Tate alisema, na yeye alikuwa amevua kofia.

Saa saba ulikuwa umekwisha. Ulikuwa wa taratibu, gitaa moja na fidla moja kwa mbali.

*Nipo hapa nje ya duka, bata amenizuia,*
*nimempigia honi, naye akanipigia.*
*Mama ukipata muda, uje, mimi naumia,*
*na usipopata muda, bata atanipakia.*

Jioni hiyo Wendell alikula chakula chote, jambo lililomfanya Nadine amtazame.

"Kuna nini?"

"Kuna wimbo humo kwenye mchezo," alisema. "Nataka uje uusikie. Ukishausikia nitakuambia jambo."

"Niambie sasa."

"Usikie kwanza, mama."

Nadine alimjua mtu wake. "Haya," alisema. "Nitakuja."

Mpango wa Wendell ulikuwa huo, na ulikuwa mpango wa mwoga, lakini ulikuwa mzuri. Nadine angeketi gizani. Wimbo ungeimbwa polepole, mamia ya watu wangenyamaza, na Nadine angelia kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitano. Wendell angemshika mkono na kumwambia: huyo ni Corrie, alinipigia, nilikuwepo, sikupokea. Aliamini kwamba baada ya wimbo kama ule mwanamke anaweza kumsamehe mwanamume karibu chochote.

Onyesho la kwanza la majaribio lilikuwa Alhamisi. Wendell alimwambia Nadine angoje kwanza wakaze misumari, akaenda peke yake akakaa nyuma. Ukumbi ulijaa watu wenye fulana za "Pampu Mbili". Msichana aliyeigiza binti wa Verna alisimama kwenye mwanga mdogo, akashika simu, akaimba mstari wa kwanza vizuri sana.

Mtu mmoja akacheka.

Alikuwa mama mnene wa safu ya tano, aliyekuja kufurahi na aliyesikia neno bata. Alicheka kwa nia njema kabisa. Kufikia honi walikuwa wanacheka hamsini. Kufikia "bata atanipakia" ukumbi mzima uliangua kicheko, watu wanapigana mabega, na yule msichana jukwaani macho yamemtoka, anaimba machozi juu ya vicheko vya watu mia tisa.

Asubuhi mwongozaji aliwaita. Philip Harkness alikuwa mtu mwembamba wa New York aliyevaa nyeusi mwaka mzima na ambaye hakupandisha sauti hata siku moja. Walikaa kwenye viti vya mbele vya ukumbi mtupu.

"Jana wamecheka mara thelathini na moja," alisema. "Mara kumi na nne ni kwenye wimbo mmoja. Sasa, mtu mwenye akili akiona hivyo anafanya nini?"

"Anawafukuza wajinga ukumbini," Wendell alisema.

Philip alitabasamu. "Anampa Shangazi Dot wimbo. Dot amekwama kwenye gari nje ya duka, bata hamruhusu kushuka, anampigia Verna simu. Mwendo mara mbili. Banjo. Wacheza ngoma wanane wenye manyoya."

"Huyo ni mwanangu," Wendell alisema. "Alikuwa anakufa."

"Najua. Tate aliniambia." Philip alimwekea mkono begani, kwa upole hasa. "Ndiyo maana wimbo unachekesha, Wendell. Ni kweli tupu. Mtu hawezi kubuni kitu kama kile."

Wendell akawageukia wenzake. Tate alikuwa anachungulia ndani ya kofia yake.

"Mzee, tusidanganyane," Tate alisema. "Kule kwenye utulivu wimbo umekufa. Kwa Dot unaishi. Si ndiyo tunachotaka, uishi?"

"Kaylin?"

Kaylin alikuwa ameshaanza kulia. "Mimi nadhani Corrie angefurahi," alisema. "Si ulisema alipenda kuchekesha watu? Mimi naona tunamheshimu."

Wawili kwa mmoja. Walipanga kuingia chumbani Jumatatu saa tano.

Sasa hapa ndipo mtu anapoweza kumuuliza Wendell Tarpley swali. Kwa nini alikwenda? Angebaki nyumbani, angesema anaumwa, angekwenda kuvua samaki wa mtoni. Wimbo ungeharibiwa bila yeye, na mikono yake ingekuwa safi. Lakini alijiambia kwamba akiwemo atauokoa, hata mstari mmoja mmoja. Jumatatu alikuwa wa kwanza kuweka simu kikapuni.

Mpaka saa sita alikaa kimya, amekunja mikono. Tate alikuwa na banjo, anauchapa ule wimbo mpaka hautambuliki. Walihitaji ubeti wa pili.

"Labda ni zile soseji, nilizojishindilia," Tate aliimba. "Sawa? Halafu... tumbo langu languruma, nani atanisaidia?"

"Hmm," Kaylin alisema.

"Tumbo langu limevimba, nataka kwenda kujisaidia?"

"Tate!"

"Basi sema wewe."

Wakaurudia mara sita, mara saba. Ubeti ulikuwa unaanguka mwishoni kila mara, kama mtu anayekosa ngazi ya chini, na Wendell alikuwa anausikia ukianguka. Hakuna adhabu mbaya zaidi kwa mtu wa aina yake. Alijaribu kutazama dirishani. Alijaribu kumfikiria Nadine. Tate akaurudia mara ya nane, tumbo langu languruma, na Wendell akasema bila kuwageukia:

"Nikifa msinizike, bata atanifukia."

Kaylin akaporomoka kutoka kwenye kochi mpaka chini, amejishika mbavu, na Tate akaweka banjo sakafuni akapiga makofi.

"Mzee! Mzee, wewe ni shetani!"

Na Wendell alicheka. Tusimpunguzie. Alicheka nao, na kwa muda mfupi alijisikia kijana, mwenye nywele zote, mtu anayehitajika mahali. Alikuwa tayari ametoka nje, ana simu mkononi, ndipo alipokumbuka kilichomo ndani yake, akabaki ameshika mlango wa gari.

Alitaka kumzuia Nadine. Jumatano alimwambia mchezo una kasoro nyingi, angoje utengemae. Nadine akasema ameshaahidiwa na yeye atakuja. Ijumaa alimwambia ule wimbo wameubadilisha kidogo.

"Umeondolewa?"

"Haukuondolewa."

"Basi nitausikia. Na wewe utaniambia hilo jambo lako, au nilichukulie kama lile la kutengeneza paa?"

Jumamosi alikwenda saluni. Alirudi na nywele zimetiwa mawimbi, akasimama mlangoni aonekane, na Wendell, ambaye hakuwa amemwona hivyo tangu msiba, aliona kwamba mwanamke huyu amejiandaa. Alijua kuna kitu anakwenda kuambiwa, na amejiandaa kukipokea. Hapo ndipo pa kusema. Meza ilikuwa baina yao, saa ya ukutani inagonga, simu iko mfukoni mwake na ujumbe umo ndani ya simu.

"Umependeza," Wendell alisema.

Onyesho la Jumapili lilikuwa saa nane mchana. Walitoka kanisani, wakala vimkate laini vya mchuzi mweupe mahali fulani, wakaenda. Walipewa viti vizuri, katikati, safu ya nane. Nadine alisoma jina la mumewe kwenye kitabu cha mchezo akapitisha kidole juu yake. Taa zikazimwa.

Alipenda. Hilo Wendell hakulitegemea. Aliinamia mbele kidogo, na Verna alipoimba wimbo wa kwanza pale kwenye pampu, Nadine alitikisa kichwa kama mtu anayekubaliana na jirani. Kila wimbo ulipoanza alimnong'oneza mumewe: "Ndio huu?"

"Sio."

"Huu?"

"Sio bado."

Mwisho wa sehemu ya kwanza, gari jekundu likasukumwa jukwaani, Shangazi Dot ndani yake, amevaa miwani mikubwa na vibanio vya nywele. Watu walipiga makofi walipomwona tu. Akatokea bata, mtu mzima ndani ya manyoya, akasimama mbele ya gari akabinua makalio. Kabla ya neno la kwanza ukumbi ulikuwa hoi. Banjo ikaanza.

*Nipo hapa nje ya duka, bata amenizuia...*

Nadine alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo, cha puani. Wendell alikitambua, alikuwa amekisahau, na kilimwingia kifuani kikamwumiza. Dot akapiga honi. Bata akageuka, akampigia yake. Nadine akacheka kwa sauti, akafunika mdomo. *Labda ni zile soseji, nilizojishindilia...* Dot akajilaza juu ya usukani, ulimi nje, miguu dirishani, bata wengine saba wakaingia wamebeba majembe.

*Nikifa msinizike, bata atanifukia!*

Nadine alicheka mpaka akamshika mumewe goti. Alicheka mwili mzima, kama alivyocheka zamani, machozi yanamtoka, ukumbi mzima unacheka naye. Wendell alikaa pale akawaza, Mungu anisamehe, kwamba labda mambo yameisha vizuri, kwamba labda hahitaji kusema kitu tena maisha yake yote. Dot akarudia kibwagizo. *Verna ukipata muda, uje, mimi naumia.* Ndipo Wendell akasikia mkono umekaza gotini. Nadine alikuwa ameacha kucheka. Watu wote wa pembeni walikuwa bado wanacheka, na yeye alikuwa anaangalia jukwaani, mdomo umebaki wazi kama ulivyokuwa.

Pazia likashuka, taa zikawaka. Watu walipita mbele yao kwenda kunywa, wanalia kama bata, wanasukumana. Nadine hakuinuka.

"Ndio huo," alisema.

"Ndio."

"Umejuaje habari za bata?"

Wendell hakuelewa swali. "Bata gani?"

"Siku ile nilikwenda mimi kulichukua gari, wewe hukuweza," Nadine alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Askari aliniambia walipofika kulikuwa na bata bukini kasimama mlangoni mwa gari, hawakuweza kuufungua mpaka wakamfukuza kwa mwavuli. Sikumwambia mtu. Wewe sikukuambia kwa sababu nilikuonea huruma. Umejuaje?"

Kuna waongo hodari ambao hapo wangesema nchi yote hii imejaa bata bukini. Wendell hakuwa hodari nje ya chumba. Alitia mkono mfukoni akatoa simu, akaufungua ule ujumbe, akampa.

Nadine alisikiliza, kidole kimoja sikioni kwa sababu ya kelele. Alisikiliza mpaka mwisho, na pumzi zote. Akasikiliza tena. Mara ya pili, kwenye soseji, alifumba macho na hakuyafumbua mpaka ujumbe ukaisha.

"Saa tano na dakika kumi na mbili," alisema akitazama kioo. "Simu haikuwa imeisha chaji."

"Hapana."

"Ulikuwa wapi?"

"Chumbani. Simu ilikuwa kikapuni."

"Uliisikia?"

Wendell aliitikia kwa kichwa.

"Mlikuwa mnaandika nini?"

Alifikiria. Alifikiria kwa bidii, maana aliona kwamba hilo angalau anaweza kumjibu. Alikumbuka kochi, alikumbuka mvua dirishani, alikumbuka waliokuwepo. Wimbo wenyewe haukuja. Haukupata kurekodiwa na mtu. "Sikumbuki," alisema.

"Na hilo la kufukiwa? Humu ndani hakusema hilo. Ni lako?"

"Nadine..."

"Najua ni lako. Miaka arobaini na moja nasikia vina vyako bafuni." Akamrudishia simu. "Ndilo lililonichekesha kuliko yote."

Kengele ikalia. Watu wakaanza kurudi na bilauri zao. Wendell alisimama, akamshika mkewe mkono, akamwambia waende nyumbani, gari liko karibu, tafadhali. Nadine aliutoa mkono wake bila kuuvuta, akauweka juu ya mwenzake.

"Nimekuja kuona mchezo," alisema. "Kaa chini, unawazuia watu."

Akakaa. Hakumwambia kuna nini mbele, ingawa alijua, kwani yeye mwenyewe alikuwepo Philip alipoagiza. Kwa saa nzima alisubiri. Binti wa Verna alirudi nyumbani, mama na mwana wakakumbatiana kati ya pampu mbili, watu wakafuta machozi. Halafu, ili wasitoke na machozi, gari jekundu likaingia tena, Dot akiwa juu ya paa safari hii, banjo tatu, bata wote wanane, na waigizaji wote wakashuka mpaka kingo za jukwaa wakiwapungia watu wasimame waimbe nao. Walikuwa wameshaushika. Ukumbi mzima ulisimama, wazee kwa watoto, wanapiga makofi kwa mpigo mmoja. *Nikifa msinizike!* Dot akaimba, na mia tisa wakamjibu.

Katika safu ya nane walibaki wawili vitini.

"Simama," Nadine alisema.

"Siwezi."

"Wewe ndiye unayeimbiwa. Jina lako nimeliona kitabuni. Simama, Wendell, upige makofi."

Alisimama. Akapiga makofi, kwanza ovyo, kisha mikono yake, iliyozoea mpigo miaka yote, ikauingia yenyewe bila kuulizwa. Nadine hakupiga. Alikaa kando yake, nywele zake zimetengenezwa vizuri, akiitazama ile mikono, mpaka wimbo ukaisha, na watu wakataka urudiwe, ukarudiwa.